Maji ya Wote, Dawa ya Mtu Mmoja

Ukitoka Kabwe kuelekea Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, nguzo za umeme zina habari nyingi kuliko magazeti. Mabango ya waganga yamebandikwa moja juu ya jingine, la juzi limefunika la mwaka jana, na karibu yote yanaanza kwa kutaja mganga alikotoka: huyu Sumbawanga, yule Tanga, mwingine Malawi. Kisha inafuata orodha ya matatizo. Nilipokuwa mwanafunzi orodha ilikuwa fupi: mapenzi, kesi, mali iliyoibwa, nguvu za kiume. Siku hizi imeongezeka. Kufaulu usaili. Kuvuta wateja. Kumaliza madeni. Kushinda mkeka, yaani kamari ya mechi. Na kusafisha nyota, hiyo haikosekani.

Huwa nayasoma mabango hayo kwa makini kuliko hotuba ya bajeti, maana mganga hatangazi huduma isiyo na mnunuzi. Akishaongeza "usaili" kwenye bango lake, ujue vijana wameshamfikia na shida hiyo, tena si mmoja wala wawili.

Tumezoea kusema watu wanakimbilia ushirikina kwa sababu ya ujinga. Wachungaji wanasema hivyo, walimu wanasema hivyo, na mkuu wa wilaya hawezi kumaliza mkutano wa hadhara bila kulisema. Mimi sikubali. Anayekwenda kwa mganga huku kwetu mara nyingi ana cheti, na wakati mwingine ana shahada. Anajua malaria inaletwa na mbu, na anajua duka linakufa mtaji ukiliwa nyumbani. Umaskini wenyewe pia haujazi vilinge. Wazee wanaikumbuka miaka ya mwanzoni mwa 1980, foleni za sukari na sabuni, watu wakivaa viraka, lakini jirani naye alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Kinachomuuma mtu hadi akafunga safari ya usiku ni ahadi. Aliambiwa asome, akasoma. Aliambiwa alime kahawa, akalima. Kisha anaona aliyefanya alichofanya yeye amepata, yeye kakosa, na hakuna anayeweza kumweleza tofauti yao iko wapi.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, maombi yakazidi 135,000. Nafasi moja inagombewa na watu zaidi ya themanini. Na hili halikuanza juzi: mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Sasa mchukue aliyepata na umchukue aliyekosa kwa alama moja. Utawatofautishaje? Kwa akili? Kwa bidii? Wenyewe wanajua wamelingana. Kunabaki maelezo mawili tu yanayoingia akilini mwa watu wengi: ama kuna mkono wa mtu, ama kuna nyota ya mtu. La kwanza ni hatari kulisema kwa sauti. La pili kila mtu analisema.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alimaliza uhasibu akarudi Uyole kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Ameshakwenda kwenye usaili hadi suti imepauka mabegani. Kabla ya usaili mmoja alivuka Mbalizi akaenda kwa mganga aliyeelekezwa na dereva mwenzake kijiweni. Hakunificha. Na alichonisimulia hakikuwa habari za pembe wala tunguri.

"Kaka, yule mzee alinisikiliza toka asubuhi mpaka saa tisa. Aliniuliza nilisoma wapi, nani alinilipia ada, siku niliyoanguka na pikipiki nilikuwa natoka wapi. Kule kwenye usaili wanakuuliza jina, wanakutupia maswali mawili, asante, tutakupigia."

Nikamuuliza kama wamempigia. Akacheka.

Hapo namwelewa kabisa. Ofisi inayomkataa mtu haimwambii kwa nini. Inakaa kimya, na kimya hicho anakwenda nacho kitandani. Mganga kwa upande wake anatoa sababu, anamtaja mhusika, anapanga hatua, anataja bei, na anasema lini matokeo yataonekana. Ukiacha kwamba maelezo yake si ya kweli, ni huduma iliyokamilika kuliko ile ya ofisini. Mdogo wangu alilipa laki moja na nusu pamoja na kuku mweusi, kiasi anachokusanya kwa wiki nyingi baada ya kutoa hesabu ya mwenye pikipiki, na aliniapia kwamba alirudi nyumbani mwepesi.

Ila sababu aliyopewa ilikuwa na sura. Mganga alimwambia nyota yake imefunikwa na mwanamke wa damu yao, upande wa baba, anayeishi kwenye migomba. Katika ukoo wetu maelezo hayo yanamwangukia mtu mmoja tu, shangazi yetu wa Tukuyu. Ndiye aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili huyu kijana alipe ada ya mwaka wa pili.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mganga hakumjua shangazi, lakini alikuwa ameshauliza nani alilipa ada. Kijana asiye na kazi ana mtu mmoja anayemwogopa kuliko wote duniani, naye ni yule aliyemsomesha. Hamdai kwa mdomo, lakini kila salamu yake ni deni. "Hujambo mwanangu, kazi vipi huko?" Mtu huanza kupunguza kwenda kumsalimia, kisha haendi kabisa, na aibu inazidi kumlemea. Mganga mwenye uzoefu analiona hilo kabla chai haijapoa. Anaichukua ile aibu, anaigeuza hasira, na hasira ni nyepesi kuibeba. Ndiyo maana wanaotajwa mara nyingi ni wale waliotutendea wema ambao hatujaweza kuulipa: shangazi, bibi, mama wa kambo aliyekulea, kaka mkubwa aliyekukaribisha mjini. Ungetegemea watajwe waliotunyima. Hao hawatajwi.

Nilipokwenda Tukuyu nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba, akaniwekea ndizi na maziwa. Tulipokaa akaniuliza, "Eti mwenzio ana nini siku hizi? Nikipiga simu haipatikani." Nikamwambia simu ya yule kijana ni mbovu.

Utajiri nao huku Nyanda za Juu Kusini una maelezo yake. Mtu akijenga ghorofa ghafla, au akinunua malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka, watasema ana ndagu, dawa ya utajiri. Ndagu ina masharti: wengine inasemwa hawalali kitandani, wengine wanavaa nguo moja mwaka mzima, na zaidi ya yote inadai mtu wa damu. Akifiwa na mtoto, ametoa. Akiwa na ndugu mgonjwa wa akili, amemshikilia. Jirani wa ndagu ni msukule, yule aliyezikwa huku tukilia, kumbe analima usiku shambani kwa tajiri bila mshahara na bila ulimi wa kulalamika.

Sizicheki hadithi hizi. Ndani ya hadithi ya msukule kuna hoja ambayo mchumi yeyote angeikubali: kwamba nyuma ya mali kubwa kuna mtu aliyefanya kazi asilipwe haki yake. Waulize wachuma chai wa Mufindi na Rungwe wanavyouona mshahara wao. Hadithi imekosea anwani tu. Inampeleka msikilizaji kwa jirani mwenye gesti na pampu ya maji, wakati mkataba uliopanga bei ya jasho lake umesainiwa mbali ambako bodaboda haifiki. Hivyo hivyo kwa chuma ulete, ile dawa inayosemwa inanyonya pesa za muuzaji pale tu mteja anapomkabidhi noti. Mama muuza nyanya wa soko la Mwanjelwa ataweka ndimu kwenye kopo la pesa na kuwakazia macho wateja wasiofahamika, na jioni ile ile anampelekea rejesho mkopeshaji wa kausha damu. Kati ya hao wawili yupo anayemmaliza kweli, na jina la mkopo wenyewe linakiri. Lakini mkopeshaji ana karatasi yenye sahihi ya huyo mama. Hawezi kumwita mchawi.

Chunya naiweka kando kidogo. Tangu dhahabu ya Lupa ichangamke miaka ya 1930, uchimbaji wa kule umekuwa kazi ya kubahatisha kwelikweli: duara moja, yaani shimo la mchimbaji, linatoa, la pembeni yake linakula mtaji mpaka godoro. Mwenye duara anamhesabu mganga kwenye gharama pamoja na dizeli na karasha ya kusagia mawe, na simwoni kama mtu aliyekata tamaa. Huyo anacheza na bahati, na anajua anacheza. Ninaowazungumzia ni waliodhani hawachezi kamari.

Mambo yalibadilika sura huku kwetu baada ya 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na mipaka ya biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikarudi madukani, pesa za kuzinunua hazikurudi. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa mauzo ya kahawa duniani ukavunjika, bei ikaanguka, na wakulima wa Mbozi waliozoea kusomesha watoto kwa kahawa wakabaki wanaitazama mibuni. Kiwanda cha Zana za Kilimo, fahari ya mji huu, kikafa. Na katika kipindi hicho hicho, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 na kuingia 2000, Mbeya ikapata sifa mbaya ya wachuna ngozi. Watu waliuawa na kuchunwa, ngozi ikisemwa inauzwa ng'ambo ya mpaka kwa dawa za utajiri. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ikalia na watoto wake waliouawa, na viongozi wakataja imani za kishirikina. Njombe ile ya mbao na viazi, ambako fedha ilikuwa inaonekana kwa macho. Nadhani ndiyo inayotisha zaidi: mauaji ya namna hii hayafuati njaa. Yanafuata mahali ambapo wachache wameanza kupata.

Wanaopenda kusema haya ni mambo ya asili yetu tu, toka enzi, nawapeleka kwenye historia, maana historia inasema kitu tofauti. Mwaka 1905, vilipoanza Vita vya Maji Maji, watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kodi ya Mjerumani na mashamba ya pamba waliyolimishwa kwa viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemwa ameingiwa na pepo Hongo, akawapa maji. Risasi zitageuka maji, ndivyo ilivyoaminiwa. Wajerumani wakamnyonga Agosti mwaka huo, lakini maji yalishatembea. Yakafika Ungoni, yakapanda hadi Ubena, na Septemba misheni ya Yakobi karibu na Njombe ikashambuliwa. Tunajua yaliyofuata. Risasi zilibaki risasi. Songea wanaikumbuka Februari 27, 1906, siku viongozi zaidi ya 60 waliponyongwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu wamekwenda mbali zaidi, hadi 250,000 na kuendelea, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa makusudi.

Dawa haikufanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini angalia ilivyogawiwa. Mmatumbi, Mngindo na Mngoni walipewa maji yale yale, wakashika miiko ile ile, na jicho la wote likatazama boma. Aliyekunywa alikuwa wa upande wako hata kama jana mliuana. Wahehe wengi hawakunywa, na wapo wanaowasema kwa hilo hadi leo. Hao nawakumbusha Wahehe walivyopigana na Mjerumani pale Lugalo mwaka 1891, na miaka saba ya vita hadi kifo cha mtawala wao Mkwawa mwaka 1898. Watu wa Iringa walikuwa wameshazifahamu risasi za Mjerumani kwa gharama yao wenyewe, na hapakuwa na haja ya mtu wa Umatumbi kuja kuwaeleza zinavyofanya kazi.

Baada ya hapo jicho liligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya shaba ilipoanguka na migodi ya Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, ikafukuza vibarua kwa maelfu, vijana waliovaa kizungu walipita vijijini kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakiwa na dawa iliyoitwa mchape. Walipanga kijiji kizima mstari, wakawamulika watu kwa kioo kidogo, wakawatoa wachawi na kuwanywesha. Miaka ya 1950 na 1960 umaarufu ukahamia kwa Chikanga wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, na watu walitoka Uhehe wakaenda huko kutafuta nani anawamaliza. Bado ilikuwa dawa ya jumuiya, kijiji kinasafishwa kwa pamoja. Ila adui sasa alikuwa ndani ya mstari, amesimama kati ya mjomba wako na mke wa jirani.

Ndiyo maana nina maoni tofauti kidogo kuhusu Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 nchi nzima ilimcheka na nchi nzima ilimfuata. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu mwenye jina ambalo mtu wa Mbeya akilisikia anauliza "ni wa kwetu huyo?", alikuwa akitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, wengine walifia njiani, na waliokatisha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona waliumia. Sikitetei kikombe kama tiba. Lakini pale kijijini kwake Samunge waziri na mchoma mahindi walikunywa kitu kimoja kwa bei moja, na Babu hakumtaja mtu yeyote kuwa ndiye aliyekuloga. Nchi ambayo mwenye nacho anapelekwa India na asiye nacho anaambiwa dawa zimeisha iliiona hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sina hakika ni majani yaliyowavuta.

Hata wenzetu waliotuzidi kwa shule na roketi wamepita hapo. Mwaka 1989, Muungano wa Kisovieti ukiwa unaporomoka na maduka yamebaki rafu tupu, Allan Chumak alitokea kwenye televisheni asubuhi, akanyamaza, akapunga mikono mbele ya kamera, na mamilioni ya watu waliofundishwa miaka 70 kwamba Mungu hayupo wakasogeza mitungi ya maji karibu na televisheni ili maji yapate nguvu. Wahandisi walikuwamo. Walikuwa wameaminishwa kwamba kesho yao imeshapangwa kisayansi, na kesho hiyo ilipofika haikuwa na soseji. Ukiwaita wajinga itabidi utafute neno jingine kwa sisi.

Sasa hivi maji yana chupa, lebo na bei. Mafuta ya upako vilevile. Februari 1, 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana ili kukanyaga mafuta hayo. Kila mmoja alikuwa anawahi baraka yake. Na mganga wa kwenye nguzo ndiyo kabisa, anakupa hirizi ya kwako, kwa usaili wako, dhidi ya shangazi yako. Themanini na zaidi wanaogombea nafasi moja wanaweza kupita kwake wote kwa zamu, kila mmoja akalipa laki na nusu ili awapite wengine, na hakuna atakayeketi na mwenzake kuuliza kwa nini nafasi ni moja. Kwa hilo serikali za aina zote, ya Mwingereza na hizi zetu, hazijawahi kuwa na wasiwasi sana na uganga wa mtu binafsi. Mjerumani alimnyonga Kinjikitile kwa sababu maji yake yalikuwa ya wote.

Sheria ya Uchawi tuliyo nayo ni ya 1928, ya Mwingereza, na ndani yake kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Tiba asili nayo imepata sheria yake mwaka 2002, waganga wanatakiwa kusajiliwa, na ramli chonganishi imepigwa marufuku kwa matangazo yasiyohesabika. Lambalamba wanaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Hao ndio warithi wa mchape huku Songwe na mikoa ya jirani: wanaitwa kijijini, wanakaa siku kadhaa, wanachimbua vibuyu uani kwa watu, wanawaaibisha wazee, na polisi wakifika wameshapanda pikipiki. Gharama zao huchangwa na wanakijiji, na asiyechanga anajitangaza mwenyewe kuwa ana cha kuficha.

Nilikaa nyuma kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Mbozi, nimemsindikiza rafiki anayelima huko. Ajenda ya kwanza ilikuwa malipo ya pili ya kahawa, ambayo chama cha msingi hakijayatoa. Watu walizungumza kwa ukali, mzee mmoja akaonyesha stakabadhi zake zote kwenye mfuko wa rambo, na katibu akajibu kwamba suala lipo ngazi za juu. Maswali yakaisha yenyewe. Ajenda ya mwisho ilikuwa vifo vya mfululizo na mimba zinazoharibika, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema, hata wanawake waliokuwa kimya tangu asubuhi. Yule mzee wa stakabadhi ndiye aliyependekeza waitwe lambalamba, na ndiye aliyechaguliwa kukusanya pesa.

Rafiki yangu alinionyesha muhtasari baadaye. Malipo ya kahawa yameandikwa "linafuatiliwa". Lambalamba hawakutajwa popote. Kuna mstari tu wa ulinzi shirikishi, shilingi elfu tatu kila kaya, mwisho wa kupokea Jumamosi.